Wageni wanapingana kuhusu hoteli moja: nimwamini nani?

SWALI: Ninaishi Mwanza. Mwezi ujao nampeleka mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, kliniki ya moyo pale Muhimbili. Tutakaa Dar es Salaam usiku 4. Kaka yangu amesema atatulipia hoteli ya kampuni kubwa ya kimataifa katikati ya jiji, upande wa Posta, ili Mama asihangaike. Nimesoma walichoandika wageni waliolala pale, nimezidi kuchanganyikiwa. Mmoja anasema hajawahi kulala mahali pazuri vile. Mwingine anasema hakupata usingizi hata lepe. Wa tatu analalamika amekatwa fedha mara mbili kwenye kadi. Wa nne alifika saa nne asubuhi, akakalishwa mapokezi mpaka saa tisa alasiri. Nimwamini nani? Na nifanye nini ili Mama apumzike?

JIBU: Waamini wote wanne, dada yangu. Na Mama mfikishie shikamoo yangu.

Nimefanya kazi mapokezi, kisha kwenye usimamizi wa vyumba, katika hoteli za mjini kwa miaka mingi. Malalamiko kama hayo manne nimeyapokea kaunta, mara nyingine yote kwa siku moja, na karibu kila mara mgeni alikuwa anasema kweli. Watu wanadhani wamelala hoteli moja kwa kuwa bango la nje ni moja. Kumbe kila mmoja amepewa chumba chake, kwa bei yake, siku yake. Mambo hayo matatu yana uzito kuliko jina lililoandikwa juu ya mlango, na yote matatu unaweza kuyagusa kabla hamjatoka Mwanza.

Nianze na jina, kwa sababu ndilo kaka yako analolipia. Hoteli nyingi za kampuni kubwa zina wahusika watatu: mwenye jengo, kampuni inayoendesha kazi za kila siku, na kampuni yenye jina. Wakati mwingine wawili kati yao ni mmoja, lakini mara nyingi mwenye jengo ni mtu mwingine kabisa. Hilton ya Nairobi, ule mnara wa mviringo uliofunguliwa mwaka 1969 na kufungwa mwishoni mwa 2022, ilikuwa chini ya kampuni ambayo Serikali ya Kenya ilikuwa na hisa. Kwa hiyo jina huja na huondoka, kuta zikabaki. Hapo Dar es Salaam mifano ni mingi. Hoteli ya Ohio Street ambayo leo ni Serena ilifunguliwa mwaka 1995 ikiwa Sheraton, ikaja kuitwa Royal Palm, kisha Mövenpick Royal Palm. Kilimanjaro ya Kivukoni, iliyofunguliwa mwaka 1965, imepitia Kempinski kabla ya Hyatt Regency. Jina la Holiday Inn lilikuwa kwenye jengo la barabara ya Garden Avenue. Jengo lile likaja kuitwa Southern Sun, na Holiday Inn ikaibukia kwenye jengo jingine katikati ya jiji. Kwa hiyo kabla ya kusoma maoni ya mgeni yeyote, angalia tarehe. Anayemsifia mpishi wa miaka kumi iliyopita huenda anazungumzia menejimenti nyingine, vitanda vingine, pengine hata jengo jingine.

Jina linakupa nini basi? Linakupa kiwango cha chini ambacho wakaguzi wa kampuni huja kukipima: godoro, shuka, maji ya moto, vifaa vya moto na milango ya dharura, jenereta, mlinzi, mapokezi yasiyofungwa usiku. Wazo hilo halijaanza jana. Mwaka 1908, Ellsworth Statler alifungua hoteli Buffalo, Marekani, akaahidi chumba chenye bafu lake kwa dola moja na nusu, wakati ambapo wageni wengi walikuwa wakichangia bafu la korido. Mwaka 1951, Kemmons Wilson wa Memphis alisafiri na familia yake kwenda Washington, akakerwa na hoteli za njiani zilizomtoza zaidi kwa ajili ya watoto. Mwaka uliofuata akafungua Holiday Inn ya kwanza. Wote wawili walikuwa wanauza kitu kimoja: msafiri asipatwe na jambo asilolitarajia. Kwa mgonjwa wa moyo mwenye miaka 71 hilo ni jambo kubwa, na ndiyo maana naona kaka yako ameamua vyema. Upanga kuna nyumba za wageni nzuri na za bei nafuu zaidi, nyingine karibu sana na Muhimbili, lakini umeme ukikatika usiku wa manane na lifti ikasimama, nataka Mama awe mahali penye jenereta na mtu wa zamu aliye macho.

Kile ambacho jina halikupi ni chumba kipi. Hapa ndipo mgeni wako wa kwanza na wa pili walipoachana.

Vyumba hugawiwa hivi. Asubuhi, mtu wa mapokezi hukaa na orodha mbili: wageni wanaofika siku hiyo, na vyumba vitakavyokuwa wazi. Wanaoanza kugawiwa ni wanachama wa muda mrefu wa kampuni, wale wenye kadi ya pointi, kisha wageni wa mashirika yenye mkataba, wanaokaa siku nyingi, na wale ambao ombi lao limeandikwa kwenye buking. Wa mwisho ni aliyelipa bei ya chini kabisa kupitia tovuti ya kubuki, na ambaye kwenye maelezo yake hakuna hata mstari mmoja unaosema anataka nini. Huyo hupewa kilichobaki. Na chumba kilichobaki mara nyingi kina sababu ya kubaki: kinatazamana na lifti, kiko ukuta mmoja na stoo ya wahudumu wa vyumba ambao huanza kusukuma vitoroli alfajiri, kiko juu ya ukumbi wa sherehe, au kina ule mlango wa kati unaokiunganisha na chumba cha jirani. Mlango huo hata ukifungwa kwa funguo mbili, sauti hupita. Jirani akikohoa utamsikia. Mgeni wako ambaye hakupata usingizi, ningekuwa na namba ya chumba chake na ramani ya ghorofa, nadhani ningekuonyesha sababu kwa kidole.

Basi usiishie kubuki. Siku mbili kabla ya safari, piga simu hotelini kwenyewe, siyo kwenye tovuti wala kituo cha simu cha kampuni. Piga kati ya saa tano na saa saba mchana. Kabla ya hapo kaunta imejaa wanaoondoka, baada ya hapo imejaa wanaoingia. Omba kuzungumza na msimamizi wa mapokezi, jitambulishe kwa namba ya buking, kisha sema kwa Kiswahili cha kawaida: "Nakuja na mama yangu mzee, ni mgonjwa wa moyo, naomba chumba kilicho mbali na lifti na ukumbi, kisicho na mlango wa kati, ghorofa ya tatu hadi ya sita, chenye vitanda viwili." Mwombe aliandike kwenye buking palepale, na umuulize jina lake. Neno "mgonjwa" na neno "mama" zina nguvu. Nimeona watu wa mapokezi wakimhamisha mgeni wa mkutano mwenye afya tele ili bibi wa watu alale pazuri, na wamefanya hivyo kwa moyo mweupe bila kuahidiwa chochote.

Kwa nini ghorofa ya tatu hadi ya sita? Chini ya hapo mnapata kelele za barabara na za mlango mkuu. Juu sana, ikitokea dharura na lifti zikazimwa, Mama atalazimika kushuka ngazi nyingi, na ngazi za magari ya zimamoto zina mwisho wake. Mandhari ya bandari kutoka juu ni ya kupendeza kweli, nenda na Mama mgahawani mkayatazame mkinywa chai, halafu mshuke mlale.

Kelele za Posta zenyewe nisizifiche. Katikati ya jiji si kama Capri Point, mtaa tulivu wa huko kwenu Mwanza. Kuna magari, kuna jenereta za majengo ya jirani umeme ukikatika, kuna kengele za makanisa ya pale bandarini, na kuna adhana ya alfajiri kutoka misikiti ya Kisutu na mitaa ya jirani. Wageni wa ng'ambo huiandika adhana kama kasoro. Kwa Mama huenda ikawa faraja. Ndiyo sababu lazima umsome mgeni huku ukijiuliza yeye ni nani na amekuja kufanya nini. Anayelalamikia intaneti ya polepole alikuwa na mkutano wa video, Mama hana. Anayesema hoteli haina shamrashamra usiku anakupa habari njema bila kujua.

Jambo la siku ni kubwa zaidi ya watu wanavyofikiri. Hoteli za kibiashara za mjini hujaa Jumatatu hadi Alhamisi kwa semina, warsha na wasafiri wa makampuni. Ijumaa na Jumamosi vyumba hupungua watu, lakini kama hoteli ina ukumbi, hizo ndizo siku za harusi, send-off na sherehe nyingine, na muziki unaweza kwenda hadi usiku mkubwa. Jumapili usiku ndiyo tulivu kuliko zote. Unapopiga ile simu, uliza pia: "Usiku tutakaokuwepo, ukumbini kuna sherehe?" Watakujibu, kwa kuwa ratiba ya ukumbi wanayo mbele yao. Kama kliniki ya Mama ni Jumatatu au Jumanne, fikeni Jumapili. Mtapata utulivu, na mtapata dawa ya shida ya mgeni wako wa nne.

Huyo aliyekalishwa mpaka saa tisa hakudhulumiwa, ingawa naelewa alivyochoka. Hoteli nyingi humpokea mgeni chumbani kuanzia saa nane mchana kwa sababu aliyelala jana ana haki ya kukaa hadi saa tano au saa sita. Akitoka, mhudumu mmoja wa vyumba anaweza kuwa na vyumba kama 14 vya kusafisha kwenye zamu yake, na chumba kimoja kikisafishwa ipasavyo hula karibu nusu saa. Hoteli ikiwa imejaa usiku uliopita, saa nne asubuhi hakuna chumba kilicho tayari hata kama meneja angetaka kukupa. Ikiwa haikujaa, vipo vilivyolala wazi na visafi. Mkifika Jumapili asubuhi nafasi ya kuingia mapema ni kubwa, kwa kuwa waliolala Jumamosi ni wachache. Kama mnakuja na basi la usiku na mtashukia Mbezi alfajiri, hapo nakushauri kitu ambacho wengi hukiona ni gharama: lipieni usiku uliotangulia, au muombe bei ya nusu siku. Kumkalisha Mama kwenye kochi la mapokezi kwa muda wa saa sita akiwa amevimba miguu kwa safari ya basi ni hasara kubwa kuliko hiyo fedha. Ndege ya mchana kutoka Mwanza ingeondoa tatizo lote, kama uwezo upo.

Tuje kwa mgeni wa tatu, aliyekatwa mara mbili. Hili ndilo linaloharibu zaidi jina la hoteli, na ndilo linaloelezwa kidogo kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Ukifika, mapokezi watakuomba kadi ya benki hata kama chumba kimelipiwa. Wanachofanya ni kuzuia kiasi fulani cha fedha kama amana, kwa ajili ya chakula, vinywaji, simu au uharibifu. Fedha haijahamia hotelini, benki imeifungia tu ndani ya akaunti yako. Lakini ukiwa na kadi ya akaunti ya mshahara, unapata ujumbe wa simu, salio linashuka, na kwako imekatwa. Siku ya kuondoka kuna njia mbili. Mhudumu anayejua kazi yake huifunga ile amana iliyozuiwa kwa kiasi halisi ulichotumia, na kilichobaki benki inakirudisha. Mhudumu mwenye haraka huingiza malipo mapya, akiiacha ile amana ikining'inia. Hapo unaona makato mawili: moja la kweli, moja lililozuiwa ambalo huenda likakaa siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki, mpaka benki iliachie. Mgeni anarudi nyumbani, anaandika kwa hasira kwamba ameibiwa. Hajaibiwa, lakini fedha ya dawa au ya nauli imekwama, na kwa mtu aliyekuja kutibiwa tofauti hiyo haimsaidii chochote.

Kinga yake ni rahisi. Kwanza, mwambie kaka yako alipe moja kwa moja hotelini au aandike barua ya kukubali kulipia, ikitaja wazi kama analipia chumba pekee au na chakula. Kama atalipa kwa kadi yake akiwa mbali, hoteli itahitaji fomu ya idhini yake; aijaze mapema, maana kaunta hawawezi kuikubali kwa maneno ya simu usiku. Pili, ukifika uliza: "Amana ni kiasi gani, na naweza kuiweka taslimu au kwa simu?" Nyingi hukubali. Ukiweka taslimu, dai risiti, na uitunze hadi mwisho. Usipotaka kutumia friji ya vinywaji wala kula kwa kuandikisha chumbani, waambie wafunge huduma hizo na wapunguze amana. Tatu, kama utatumia kadi, siku ya kuondoka sema: "Naomba mfunge amana ileile, msiingize malipo mapya." Sentensi hiyo moja itamwonyesha mhudumu kwamba unajua unachokisema.

Kuna jambo jingine la fedha. Ukilipa yote kwenye tovuti ya kubuki, mara nyingi tovuti ndiyo inayokushikia fedha yako, na hoteli hukuona wewe kama mgeni wa tovuti ile. Ukitaka kurudishiwa usiku mmoja kwa sababu daktari amemaliza mapema, kaunta watakutuma kwa tovuti, tovuti itakutuma kwa masharti. Safari ya hospitali haina ratiba ya uhakika. Chukueni bei inayoruhusu kubadilisha tarehe, hata kama imezidi kidogo, na mlipe hotelini. Tovuti huitoza hoteli kamisheni ambayo aghalabu huanzia asilimia 15, kwa hiyo ukipiga simu na kuuliza kwa adabu kama wana bei ya mkazi au bei ya wanaohudhuria hospitali, meneja ana nafasi ya kukupunguzia.

Sasa Mama akiwa chumbani. Ombeni kadi mbili za mlango. Katika hoteli nyingi za aina hii umeme wa chumba huwaka kadi ikichomekwa kwenye kisanduku cha ukutani. Ukitoka na kadi pekee kwenda kununua dawa, kiyoyozi kinazimika na madirisha ya ghorofani hayafunguki. Mama atabaki kwenye joto la Dar es Salaam na giza, asijue ampigie nani. Nimekuta wazee wamekaa hivyo kwa saa nzima wakidhani umeme umekatika mji mzima. Kabla hujatoka, mwonyeshe pia namba ya kupiga mapokezi kwenye simu ya mezani, na uipige mbele yake mara moja ili aizoee.

Bafu ndilo hatari kuliko kitu chochote kingine mle ndani. Uliza kwenye ile simu kama bafu ni la beseni refu la kuvuka ukingo, au la kusimama lisilo na kizingiti. Hoteli za kampuni kubwa kwa kawaida huwa na vyumba vichache vilivyotengenezwa kwa watu wenye ulemavu, vyenye vishikio ukutani na nafasi pana. Vyumba hivyo mara nyingi vinakaa bila kuombwa, na Mama ana haki navyo. Waombe na kiti cha plastiki cha kuogea, na mkeka wa mpira wa kuzuia kuteleza. Maji ya moto ya jengo kubwa huchukua muda kufika bombani, kisha huja ya kuunguza ghafla. Yafungulie wewe kwanza. Ulizia pia bomba la kujitawazia chooni. Si kila chumba kina hilo, na ndoo na kopo wahudumu watawaletea bila kushangaa. Kama Mama anaswali, mshale wa kibla mara nyingi umebandikwa darini au ndani ya droo, na mswala huombwa mapokezi.

Kama anatumia insulini, usiiamini friji ndogo ya vinywaji. Nyingi zimetengenezwa zisipige kelele, hazifiki ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 unaohitajika kwa insulini ambayo haijafunguliwa, na baadhi huzimika ukitoa kadi ukutani. Waambie mapokezi mna dawa ya kuhifadhi baridi. Wataiweka kwenye friji ya jikoni ikiwa na jina lenu, au watawaletea friji ya kweli. Pia msisogeze vinywaji vilivyomo ili kupata nafasi: baadhi ya friji zina kifaa kinachohesabu chupa ikiinuliwa, na itatokea kwenye bili.

Chakula cha asubuhi hakikisha kimo kwenye bei, na uliza kinaanza saa ngapi. Kutoka Posta hadi Muhimbili ni kilomita chache tu, lakini asubuhi foleni haina huruma na foleni ya kliniki ni nyingine. Kama mnatoka kabla mgahawa haujafunguliwa, agizeni jioni mfungiwe chakula cha kubeba, ni huduma ya kawaida na haitozwi zaidi pale chakula kinapokuwa kimo kwenye bei. Kama Mama ametakiwa afike bila kula kwa ajili ya vipimo vya damu, mbebeeni cha kwake ale baadaye. Mkila mgahawani, usiogope kumwita mpishi wa mayai na kumwambia asiweke chumvi. Maharage, soseji na supu za bafe huwa zimeshatiwa chumvi. Uji, viazi vitamu, matunda na yai la kuchemsha ndiyo salama kwa mgonjwa wa moyo, kulingana na alivyoelekezwa na daktari wake.

Mkiingia chumbani na kitu hakiko sawa, semeni kabla ya kufungua mabegi. Kaeni dakika tano kimya, msikilize: kiyoyozi kinanguruma? Kuna muziki? Kuna harufu ya sigara? Fungua maji. Kisha shuka, au piga simu, uombe meneja wa zamu, kwa sababu kijana wa kaunta ana mamlaka ya kubadilisha chumba lakini hana mamlaka ya kupunguza bili. Sema tatizo moja na unachotaka: "Chumba kina kelele za ukumbi, naomba kingine ghorofa nyingine." Mgeni anayelala na kero yake usiku mzima na kuisema siku ya kuondoka hawezi kusaidiwa zaidi ya kuombwa radhi. Maoni mengi mabaya niliyowahi kuyasoma yameandikwa na watu ambao hawakusema neno walipokuwa bado ndani ya jengo, na yananiumiza, kwa sababu vyumba vya kuwahamishia vilikuwepo.

Ukirudi kusoma maoni ya hoteli hiyo, anza na ya watu waliotoa alama za katikati katika miezi 6 iliyopita. Hao husema kilichofaa na kisichofaa. Tafuta kinachojirudia kwa watu wasiofahamiana: kama watatu katika miezi tofauti wametaja lifti mbovu, lifti ni mbovu. Picha za wageni zina ukweli kuliko za tangazo. Maoni mafupi ya nyota tano yanayomtaja mhudumu kwa jina mara nyingi huandikwa kwa kuombwa, kwa kuwa kuna hoteli zinazompa zawadi mfanyakazi anayetajwa sana. Si uongo, ila hayakuambii lolote kuhusu usiku. Soma na majibu ya meneja. Anayejibu kwa sentensi ileile kila mara hajashughulikia kitu. Anayeandika kwamba wamebadilisha vitasa vya ghorofa ya nne amekwenda kuviona.

Kuhusu siku ya mwisho: kliniki ikichukua muda mrefu, msirudi mkimbizane na saa ya kutoka. Jioni iliyotangulia omba muongezewe saa chache. Siku ambazo hoteli haijajaa hupewa bure au kwa malipo madogo. Ikishindikana, achieni mizigo mapokezi mpewe vibandiko vyake, na uulize kama kuna choo na mahali pa Mama kujinyoosha kabla ya safari, maana nyingine hufungua chumba cha kubadilishia cha bwawani au cha mazoezi. Lipeni bili usiku uliotangulia, kaunta ikiwa tupu, muipitie mstari kwa mstari mkiwa mmeketi. Chukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la aliyelipa, pamoja na karatasi inayoonyesha amana imefungwa, uipige picha na umtumie kaka yako kabla hamjatoka mlangoni.